Kichwa nguvu mbele ya hakimu wa watoto

Hapa Bukavu mtoto asiyetulia anapewa jina mapema. Hajamaliza hata mwaka wa pili wa primeri, nyumbani wamekwisha kumwita kichwa nguvu, mwalimu anamwita msumbufu, na jirani aliyepoteza sufuria anamwita mwizi kabla ya kutafuta vizuri chini ya kitanda. Mimi nilikaa benchi moja na mtoto wa namna hiyo. Hesabu za kichwani alizijibu mwalimu hajamaliza swali, lakini dikte ya mistari kumi hakuifikisha hata mstari wa nne. Ukimtuma chaki anarudi na habari ya mbwa aliyemuona njiani, chaki, hapana. Mwaka wa tano hakurudi shuleni. Baadaye nikasikia eko buloko. Sikushangaa hata kidogo, na ni kule kutoshangaa ndiko kunanisumbua mpaka leo. Kumbe sisi wote, tukiwa na miaka kumi tu, tulishajua atafikia wapi.

Kwa hiyo, wandugu, leo naandika historia ya swali moja: huyu mtoto ana nini? Sisemi "alifanya nini", hilo polisi wanaliuliza kila siku na wanalijua kuliko sisi. Ana nini. Swali hilo liko ndani ya sheria yetu. Liliandikwa zamani, mbali na hapa, likasafiri miaka karibu mia moja mpaka kufika kwetu. Shida ni kwamba lilifika peke yake, bila watu wa kulijibu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, sababu kuko wenzetu wanaosema TDAH ni kitu cha TikTok, cha wazungu wenye muda mwingi. TDAH ni hali ya mtu ambaye umakini wake haushikiki, au mwili wake hautulii, au vyote viwili, kupita umri wake, kwa muda mrefu, nyumbani na shuleni pia. Si ya jana. Mwaka 1798 daktari Alexander Crichton, mtu wa Scotland, alikwisha kuandika juu ya watu ambao kila kelele ndogo inawatoa katika wanachofanya. Mwaka 1902, London, daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara juu ya watoto wenye akili ya kutosha lakini wasioweza kujizuia: wanapiga, wanachukua vya watu, adhabu haiwafundishi kitu. Still aliita hali hiyo kasoro ya kujitawala kimaadili. Ona neno hilo: kimaadili. Daktari alikuwa anaeleza mwili, lakini mdomoni mwake kukatoka lugha ya padri na ya hakimu. Tangu siku hiyo ugonjwa huu na kosa vimelala kitanda kimoja, na kuvitenganisha imekuwa kazi.

Wale waliosoma saikolojia wanamkumbuka Henri Wallon, aliyeandika juu ya mtoto mtukutu mwaka 1925. Mwaka 1937, Marekani, Charles Bradley aliwapa watoto wa kituo chake dawa ya jamii ya amfetamini, akashangaa kuona dawa ya kuamsha watu inawatuliza na kuwasaidia kusoma. Halafu ukaja mwaka 1980. Kitabu kikubwa cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo lake la tatu, kiliweka rasmi jina la upungufu wa umakini. Na katika toleo hilohilo, kwa mara ya kwanza, kikaweka pia jina la jeraha la akili linalobaki baada ya vita na ukatili, lile tunaloita hapa kwetu trauma. Majina mawili, kitabu kimoja, mwaka mmoja. Mushike hiyo, nitairudia.

Sasa upande wa sheria. Ubelgiji walipitisha sheria ya kulinda watoto tarehe 15 Mei 1912. Ilimtoa mtoto katika mahakama ya watu wazima na kumweka mbele ya hakimu wake mwenyewe. Tena ilimruhusu hakimu huyo, akiwa na mashaka juu ya mwili au akili ya mtoto, kumweka chini ya uangalizi na kumpimisha kwa madaktari. Haikubaki maneno tu: mwaka uliofuata, kule Mol, walifungua kituo cha kuchunguza watoto kabla hakimu hajaamua wapeleke wapi, kikiongozwa na Maurice Rouvroy. Walimwangalia mtoto anavyocheza, anavyokula, anavyofanya kazi ya mikono, wakamwandikia hakimu. Sisemi Mol ilikuwa mbinguni. Lakini swali lilikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba mlikuwa na watu waliolipwa kulijibu.

Congo nayo ilikuwa koloni ya Ubelgiji huohuo. Mtoto wa Congo alingoja miaka 38. Dekreti juu ya watoto wakosaji ilitoka tarehe 6 Desemba 1950, wakati Bukavu bado inaitwa Costermansville. Ilifuata nyayo za ile ya 1912: mtoto asifungwe kama mtu mzima, apewe malezi, na serikali iwe na vituo vyake vya kulinda na kuelimisha. Jina la vituo hivyo ndilo tunalo hadi leo, Établissement de garde et d'éducation de l'État, EGEE. Ukilisoma taratibu utaona lina ahadi mbili, kulinda na kuelimisha. Ya kwanza inahitaji ukuta na mlango. Ya pili inahitaji kumjua mtoto. Ukuta ni rahisi zaidi.

Uhuru haukubadilisha sana. Mwaka 1978 Zaire ilirudi hata nyuma: sheria ilishusha umri kutoka 18 hadi 16, maana yake mtoto wa Bagira mwenye miaka 16 na nusu alisimama mahakamani sawa na baba yake. Zaire iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, lakini umri huo haukuguswa. Ilibidi tufike Katiba ya 2006, ambayo inasema mtoto ni yeyote asiyefikisha miaka 18, halafu sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Hii ndiyo tunaisoma leo. Chini ya miaka 14, mtoto hawezi kuhesabiwa mkosaji, bila mjadala. Kati ya 14 na 18, anaenda mbele ya tribinali ya watoto, ambayo makao yake yalipangwa kwa dekreti ya Januari 2011. Na kati ya mambo ambayo hakimu anaweza kuamua, mbali na kumkemea, kumrudisha kwa wazazi au kumpeleka EGEE, kuko hili: kumweka katika kituo cha matibabu, au cha matibabu na malezi, kinachofaa.

Kinachofaa. Hapo ndipo naomba kila msomaji wa Bukavu asimame kidogo ajiulize: kiko wapi? SOSAME, hospitali ya akili inayoendeshwa na Frères de la Charité, inafanya kazi kubwa, na wengi wetu tuko na ndugu aliyepita pale. Lakini ni hospitali ya watu wa rika zote, haikujengwa kuwa nyumba ya kuchunguza watoto kwa ajili ya hakimu. Madaktari wa akili katika nchi yetu ni wachache mno, wa watoto ndio usiseme. Kwa hiyo hakimu anabaki na vitu viwili mezani: wazazi, kama wapo, au EGEE. Ile njia ya tatu iko kwenye karatasi tu.

Na huku sheria inakua, vita ilikuwa inapita njia yake. Oktoba 1996 Bukavu ilianguka mikononi mwa AFDL, na sote tunajua neno lililobaki: kadogo. Watoto walitoka shule wakiwa na daftari, wakaonekana tena wakiwa na bunduki ndefu kuliko wao. Ikaja vita ya pili 1998, ikaja Juni 2004, zikaja mayi-mayi za kila kilima. Katika miaka hiyo yote mtoto alipokamatwa, swali lilibadilika. Hawakuuliza tena "ana nini", waliuliza "alikuwa na nani". Kundi gani, komanda gani. Watu kama Murhabazi Namegabe na BVES yake, aliyepewa tuzo ya kimataifa ya watoto mwaka 2011, walitumia maisha yao kuwatoa watoto huko, na Kanuni za Paris za 2007 zikasema wazi kwamba mtoto aliyetumiwa na kundi la silaha atazamwe kwanza kama mtu aliyeumizwa. Vizuri kabisa. Lakini pembeni yake kulibaki mtoto mwingine, ambaye hakushika bunduki, aliyeiba simu Nyawera au kuchoma kisu mwenzake juu ya mpira. Huyo hakuwa na mradi. Maibobo tu.

Sasa hesabu. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulikadiria mwaka 2007 kwamba karibu asilimia 5 ya watoto duniani wako na TDAH. Kwetu, Espérance Kashala na wenzake walichunguza wanafunzi wa primeri wa Kinshasa kwa kuuliza walimu, wakachapisha mwaka 2005: kama asilimia 6. Yaani Kinshasa si tofauti na dunia, na nani atanidanganya kwamba Bukavu ni tofauti na Kinshasa? Lakini ingia kwenye vituo wanamofungiwa vijana. Mwaka 2015 Susan Young na wenzake walikusanya tafiti za nchi nyingi wakapata asilimia 30 ya vijana waliofungwa. Mwaka 2021 timu nyingine, ya Beaudry na Fazel, ikapata asilimia 17,3 kwa wavulana na 17,5 kwa wasichana. Tofauti ni kubwa, na wanasayansi wenyewe wanabishana: ukitumia karatasi ya maswali unapata wengi, ukikaa na kijana kwa mazungumzo marefu unapata wachache. Chukua ile ndogo basi. Bado ni mara tatu ya watoto walio nje. Na angalia wasichana: nje ya gereza wavulana ndio wengi katika ugonjwa huu, ndani wako sawasawa. Msichana asiye makini hapandi juu ya meza, anatazama dirisha tu, kwa hiyo hakuna anayemuona mpaka afike huko.

Kwa nini wanajaa ndani? Si kwamba ugonjwa unafundisha wizi. Watoto wengi wenye TDAH hawaibi chochote na wengine ni watu wakubwa sasa, labda uko unasoma hii huku umefungua mambo mengine sita kwenye simu. Kinachotokea ni kwamba kila mlango njiani unamchuja. Shule ya kwanza: darasa la watoto 80, na tangu elimu ya primeri ilipofanywa bure Septemba 2019 kuko madarasa yanayopita hapo, mwalimu hawezi kumshika asiyetulia, anamtoa nje. Ya pili ni barabara, ambako asiyefikiri mara mbili ndiye anayetumwa mbele na wakubwa, na ndiye anayekamatwa, sababu wenzake walishakimbia wakati yeye bado anaangalia. Ya tatu ni kasho. OPJ anamwuliza jambo moja mara tano, mtoto amechoka, hawezi kukaa tena, anataka tu iishe, anasaini PV. Gísli Guðjónsson, mtu wa Iceland ambaye ametumia maisha yake kuchunguza watu wanaokiri makosa wasiyoyafanya, ameandika juu ya hatari hii hasa kwa wenye TDAH. Ya nne ni tribinali: anacheka pasipofaa, anakata maneno ya hakimu, anasahau alichoambiwa na avoka dakika kumi zilizopita. Mbele ya watu wazima wote waliovaa vizuri anaonekana hana majuto. Ya tano ni EGEE yenyewe, ambako siku nzima ni kungoja. Kwa mtoto wa namna hii kungoja ni mateso, ataanzisha fujo, na fujo itaandikwa.

Hapa najua kuko mtu wa tiba atakayeinua mkono, na eko na haki. Mtoto wa Kivu asiyeweza kukaa chini si lazima awe na TDAH. Kumbuka ule mwaka 1980 na majina yake mawili. Mtoto aliyeona nyumba yao ikichomwa Bunyakiri hatulii pia, halali pia, anarukaruka kila mlango ukigongwa, hasikii mwalimu anachosema sababu kichwa chake kiko kwingine. Ukimwangalia juujuu anafanana kabisa na yule mwingine. Dawa zao si moja. Na kuko malaria: pale Mulago, Kampala, Michael Boivin, Chandy John na wenzao waliwafuata watoto waliopona malaria ya ubongo, na miaka miwili baadaye karibu mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu wa akili, umakini ukiwa mahali palipoumia sana. Hospitali ilishamwandikia mama kwamba mtoto amepona! Ongeza njaa, na kulala wanne kitanda kimoja. Wengine hawakuwa wasahaulifu hata kidogo, walifukuzwa kila mwezi juu ya minervali, na mtoto aliyekosa wiki mbili kati ya nne hawezi kufuata somo.

Kwa hiyo siombi tuanze kubandika "TDAH" juu ya kila maibobo. Hiyo itakuwa kichwa nguvu kwa Kifaransa. Tena dawa zenyewe si njia nyepesi kwetu. Kule Sweden utafiti uliochapishwa 2012, juu ya wagonjwa zaidi ya 25.000, ulionyesha kwamba wanaume wenye TDAH walifanya makosa pungufu kwa asilimia 32 katika vipindi walivyokuwa wanatumia dawa. Ni jambo zito hilo. Lakini WHO, ilipoombwa kuiweka metilifenidati katika orodha ya dawa za lazima, ilikataa 2019 na tena 2021, na mwongozo wake kwa nchi zisizo na wataalamu unaanza na kufundisha wazazi na walimu jinsi ya kumshika mtoto: agizo moja kwa wakati mmoja, fupi, sifa inayotolewa palepale, siku yenye mpango anaoujua. Hayo hayahitaji duka la dawa. Mlinzi wa EGEE anaweza kuyajifunza kwa wiki moja. OPJ anaweza kujifunza kumpa mtoto mapumziko kabla ya kusaini.

Kinachogomba zaidi ni kujua. Madaktari wanataka ushahidi kwamba shida ilianza mbele ya miaka 12, tena katika sehemu zaidi ya moja. Kijana wa miaka 16 amekaa mbele yako, utamwuliza nani? Mama eko Shabunda, hana simu. Baba alikufa. Mwalimu alihamia Uvira. Na kwetu hata mafaili hayana amani: tarehe 14 Februari 2025, M23 ikikaribia mji, gereza kuu la Bukavu, lililojengwa kwa watu 500 na lililokuwa limejaa mara kadhaa ya idadi hiyo, lilibaki wazi na wafungwa wakatoka. Nani leo atasema kijana fulani alipimwa nini, na lini?

Nilipofika hapo katika kuandika nilikwama siku mbili. Halafu nikakumbuka kitu ambacho kila mama wa Bukavu anakihifadhi hata akikimbia vita, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya chanjo na karatasi ya kiwanja: buletini. Muzitoe zenu mutazame chini kabisa, baada ya pointi. Kuko mstari wa "application" na mstari wa "conduite". Mwalimu mmoja, kila kipindi, mwaka baada ya mwaka, aliandika pale kama mtoto alijitahidi na kama alitulia. Hakuwa daktari, alikuwa na haraka, labda alikuwa na hasira juu ya mshahara. Lakini mtoto ambaye eko na pointi nzuri za hesabu na alama mbaya za utulivu tangu mwaka wa kwanza, si sawa na mtoto aliyekuwa sawa mpaka mwaka wa nne halafu ghafla vyote vikaanguka. Huyu wa pili kuko kitu kilimpata mwaka huo. Uliza kijiji chao kiliona nini.

Asistanti sosiali anayeandika uchunguzi wa familia kwa ajili ya tribinali anaweza kuomba buletini hizo siku ileile anapoenda nyumbani. Na wafinalisti wa saikolojia, sheria na tiba wanaotafuta kila mwaka kichwa cha TFC, nawaambia kiko hapo: hakuna anayejua ni wangapi kati ya vijana walioingia EGEE ya Bukavu walikuwa na buletini, wala zilisema nini. Yule wa benchi yangu, kama mama yake bado eko nazo, za kwake najua mwalimu aliandika nini mstari wa mwisho. Nilikuwa karibu, niliona akiandika.